Chupa Juu ya Friji

Ukisomea shule ya msingi humu nchini, kuna methali mbili utakazoziandikia insha kabla hujavuka miaka kumi na tatu: Akiba haiozi, na Mvumilivu hula mbivu. Unaandika hadithi ya jamaa aliyeweka kitu, akangoja, akafanikiwa, na ya mwenzake aliyekosa subira akaishia kulia chooni. Mwalimu anapiga vema, anakupa thelathini na mbili kwa arubaini, maisha yanaendelea. Hakuna anayekuuliza kama methali yenyewe ni kweli. Mimi swali hilo limenikaa kichwani karibu mwaka mzima sasa, na halikuletwa na kanisa wala na darasa la falsafa (nilihudhuria machache kabla ya kutoka chuo). Lililetwa na waini.

Kamusi inasema mvinyo, kanisa linasema divai, duka linasema waini. Nitafuata duka. Najua ukisikia neno hilo unawaza watu wa Runda na glasi zenye mguu mrefu, lakini mimi nililifikia kwa njia ya kazi. Naandika kwa kulipwa kwa neno, chochote anachotaka mteja: magodoro, bima ya mbwa, jinsi ya kuondoa kuvu bafuni. Mwaka jana mteja mmoja wa ng'ambo alitaka maneno elfu mbili kuhusu jinsi ya kuhifadhi waini nyumbani ili ikomae vizuri. Nikasoma wiki nzima kwa malipo ya siku mbili. Wale msiokunywa, kwa dini au kwa hiari, kaeni tu. Hoja hii haihitaji glasi.

Jambo la kwanza nililokutana nalo lilinishtua, maana lilikuwa linaua biashara ya makala yenyewe. Waini nyingi sana duniani haikutengenezwa ili ingoje. Imetengenezwa inywewe ndani ya mwaka mmoja, miwili, mitatu ikizidi. Ile hadithi kwamba waini inazidi utamu kadiri inavyozeeka ni kweli kwa sehemu ndogo tu ya chupa, na kwa kawaida si zile ambazo wewe na mimi tunazifikia kwenye rafu.

Waini inayoweza kungoja ina kitu cha kungojea nacho. Ina tanini, ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu unaokaza ulimi kama ndizi mbichi au chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Ina asidi ya kutosha. Au ina sukari nyingi, au kileo kingi. Miaka ikipita, chembe za tanini hushikana, zikawa nzito, zikazama chini ya chupa kama mashapo. Ukakasi unalegea. Rangi inatoka kwenye zambarau ikielekea kwenye rangi ya matofali. Harufu ya matunda mabichi inapisha harufu za ngozi, tumbaku, majani makavu, uyoga. Hapo watu huanza kulipa pesa za ajabu. Sasa, chupa ya shilingi mia tisa pale supamaketi haina mzigo huo ndani yake. Ina matunda na uchangamfu, basi, na hivyo ndivyo vitu vya kwanza kuondoka. Ukiiweka miaka kumi haikomai. Inazeeka tu.

Kiswahili kinatupa maneno mawili hapo na sisi tunayatumia kama ni moja. Kukomaa na kuzeeka. Vyote viwili vinahitaji muda, na ukiangalia kwa nje vinafanana: kitu kimekaa, vumbi limeshika. Tofauti ni kama ndani kulikuwa na kitu cha muda kufanyia kazi. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini embe bivu lina siku nne hivi kabla halijawa chakula cha nzi, na methali haituambii siku ya ngapi tule.

Kuhifadhi kwenyewe si uchawi. Wote wanaoandika juu yake wanakubaliana. Joto la nyuzi 12 hadi 14 hivi, lisilopandapanda. Giza. Utulivu, pasiwe na mtikisiko. Unyevu wa wastani, kama asilimia 60 hadi 70. Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe ubavu, ili waini ikiloweshe kizibo. Kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia, na hewa ikiingia kwa wingi safari ya kuharibika imeanza. Yenye kifuniko cha kuzungusha haina shida hiyo, hata ukiisimamisha. Lakini adui mkubwa ni joto, hasa linalobadilikabadilika. Mchana likipanda kioevu kinatanuka na kusukuma kizibo, usiku likishuka kinasinyaa na kuvuta, na kila safari hewa kidogo inapata mwanya.

Mteja alitaka niandike kuhusu vyumba vya chini ya ardhi. Wasomaji wake wana nyumba zenye vyumba hivyo, vitu ambavyo mimi nimeviona kwenye filamu tu, na mara nyingi huwa kuna maiti ndani. Lakini nilipokuwa nachapa kuhusu nyumba zao nilikuwa napiga hesabu za keja yangu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka hauko mbali na nyuzi 19. Kwa mji ulio karibu hivi na ikweta, hiyo ni neema. Mombasa ukiacha chupa kabatini unaipika polepole. Tatizo la Nairobi ni nyumba zenyewe: bati, ukuta mwembamba, dirisha linaloangalia machweo. Bedsita yangu saa tisa mchana mwezi wa Februari na bedsita hiyo hiyo saa kumi na moja alfajiri ni nchi mbili tofauti.

Pahali pazuri kabisa kwenye nyumba kama yangu ni chini kabisa ya kabati la nguo, upande wa ukuta wa ndani usiopigwa na jua, chupa imelazwa ndani ya katoni na kuzungushiwa sweta. Chini ya kitanda panafuata. Ndani ya friji kwa wiki chache ni sawa, kwa miaka siyo, kwa sababu mle mnakausha vizibo. Na pabaya kabisa ni pale ambapo karibu kila nyumba niliyowahi kuingia wanaiweka: juu ya friji. Joto linalotoka nyuma ya friji linapanda moja kwa moja hadi kwenye chupa. Kila mtambo unapowaka, chupa inatetemeka. Taa ya sebule inaipiga usiku, jua la dirishani mchana. Imesimama wima, kizibo kikikauka. Ukitafuta njia ya kuua waini polepole bila kuonekana na nia mbaya, hutapata nyingine bora.

Na sote tunajua kwa nini iko pale. Iko pale ionekane.

Hilo si ugonjwa wa Kasarani peke yake. Desemba 1985, katika mnada wa Christie's jijini London, familia ya Forbes, wale wa jarida, ilinunua chupa moja ya Lafite ya mwaka 1787 kwa pauni 105,000. Ilikuwa imechongwa herufi Th.J., na iliuzwa kama chupa ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. (Baadaye uhalisi wa chupa za namna hiyo ulitiliwa shaka kubwa, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Ikapelekwa New York, ikawekwa kwenye maonyesho, imesimama chini ya taa. Joto la taa likakausha kizibo. Kizibo kikasinyaa, kikadumbukia ndani ya waini. Pauni laki moja na ushei, na mwisho wake ni ule ule wa chupa ya sebuleni kwenu. Walichokuwa wanahifadhi ilikuwa sifa ya kuwa nayo, na sifa inahitaji mwanga.

Upande wa pili wa mfano huo unanipendeza zaidi. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta meli iliyozama katika Bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland vya Ufini, na ndani yake kulikuwa na chupa 168 za shampeni. Zilikuwa zimekaa chini karibu miaka 170, kina cha mita 50 hivi, kwenye giza, kwenye maji ya nyuzi mbili hadi nne. Wataalamu waliozionja waliandika kwamba mwanzoni zilinuka jibini na nywele za mnyama aliyelowa. Kisha, glasi ilipozungushwazungushwa na hewa ikaingia, yakatokea maua, matunda, moshi, ngozi. Sukari ilikuwa zaidi ya gramu 140 kwa lita, maana hivyo ndivyo watu wa enzi hizo walivyoipenda. Waini ilikuwa hai.

Fikiria jambo hilo pole pole. Hakuna aliyeingojea. Mwenye mzigo alikufa akijua ni hasara. Hapakuwa na mvumilivu yeyote katika hadithi nzima, hakuna aliyefunga mkanda, hakuna aliyejinyima. Kulikuwa na baridi, giza, na utulivu, basi. Na kule New York kulikuwa na hamu, pesa na ulinzi, na chupa ikafa ndani ya muda mfupi. Kwa hivyo kama kuna sifa ya kimaadili inayoitwa subira, si hiyo inayokomaza kitu. Kinachokomaza ni mambo mawili ambayo insha zetu hazikuyataja: kilichomo ndani ya kitu chenyewe, na hali ya pale kilipowekwa. Subira ya mwenye chupa haiingii ndani ya chupa.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria shangazi yangu wa Thika.

Alininunulia chupa mwaka 2017, nilipopata barua ya kuitwa chuo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuipata barua hiyo. Ilikuwa waini nyekundu ya Afrika Kusini, ya bei ya kadiri, na kwa mshahara wake wa wakati ule haikuwa kitu kidogo. Yeye mwenyewe si mnywaji. Aliuliza msichana wa dukani ni ipi watu hununua wakiwa na jambo. Akaiweka kwenye kabati la sebuleni, lile la vioo lenye vyombo vya wageni, kando ya televisheni, imesimama wima, lebo ikiangalia mlango. Kila aliyeingia aliambiwa: hiyo ni ya siku ya gauni na kofia.

Karo iliisha nikiwa mwaka wa tatu. Hadithi yenyewe ni fupi na inafanana na ya wengi mnaosoma hapa, kwa hivyo sitaisimulia. Nilitoka, nikaanza kuandika mambo ya magodoro. Chupa ikabaki. Nikienda Krismasi, iko. Nikienda matanga, iko, imefutwa vumbi. Shangazi hakuwahi kunisema hata siku moja. Alichosema, kila mwaka, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, ni: "Tutaifungua ukirudi."

Ukirudi, maana yake chuoni. Si Thika.

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, na akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Wakati ujao wa mbali, alisema, kimsingi haupo, kwa sababu wakati ni matukio, na jambo ambalo halijatukia haliwezi kuwa wakati. Alipima vitenzi vya Kikamba na Kikuyu akaona havifiki mbele kuliko miaka miwili hivi. Amepingwa sana. Mghana Kwame Gyekye alionyesha kwamba Kiakan kina namna za kutosha za kusema wakati ujao, na yeyote ambaye babu yake alipanda mvule anaweza kumpinga Mbiti bila kufungua kitabu. Mimi mwenyewe sidhani alikuwa sahihi kuhusu Waafrika. Lakini nadhani aligusa kitu kuhusu chupa. Chupa inayowekewa tukio inaishi ndani ya tukio hilo. Ukiliondoa tukio, haijulikani chupa iko wakati gani. Si ya sasa, maana hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Si ya kesho, maana kesho ile ilifutwa. Inabaki pale kabatini ikiwa haina siku.

(Na miaka miwili, kama utani vile, ndiyo uhai wa waini nyingi za supamaketi. Mbiti na wauza waini wangeelewana.)

Desemba iliyopita tulikuwa kwake, binamu watano na watoto, na hapakuwa na jambo lolote maalum. Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu joto na mwanga na kizibo, kwamba waini ya namna ile haikukusudiwa kuvuka miaka mitatu, na kwamba kwenye kioo kile, chini ya bati la Thika, hata hiyo mitatu ilikuwa bahati. Nilidhani atakasirika. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo imekuwa ikiharibika hapa hapa, mimi nikiiangalia?"

"Anti, imezeeka tu."

"Na ungeniambia lini?"

Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimejua kwa miezi michache tu. Akainuka mwenyewe akaitoa. Kizibo kilikatika katikati, nusu yake ikabaki shingoni, tukaisukuma ndani kwa mpini wa kijiko. Kwenye glasi pembeni ilikuwa kahawia, kama chai ya mkandaa. Ilinuka zabibu kavu zilizochemshwa, na mwishoni kulikuwa na ukali wa siki, si sana. Binamu yangu mmoja akaongeza Sprite. Shangazi akanywa yake yote, kimya, kisha akasema, "Si ni tamu tu," na akaosha chupa akairudisha kabatini, tupu, lebo ikiangalia mlango.

Nimejaribu kuamua kama miaka ile ya kungoja kwake ilipotea bure. Mtu wa waini atasema ndiyo bila kufikiri: ungeinywa 2018 ikiwa na matunda yake yote. Lakini yeye hakuwa anahifadhi waini. Alikuwa anahifadhi sentensi, na sentensi ilikuwa kwamba mtoto huyu atarudi. Kwa kazi hiyo chupa ilifanya vizuri, ilisimama pale kila siku ikimsemea. Sina haki ya kumwambia alikosea kutumia kitu chake hivyo. Ila najua pia ilivyokuwa kuwa upande wa pili wa sentensi. Kuingia nyumba ambayo unapendwa, ukakuta kwenye kioo kuna mtu anayengojewa ambaye ana jina lako, ana miaka kumi na minane, na bado hajashindwa na lolote. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti kinachoangalia dirisha. Nadhani mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, upendo wake na ule uzito, na sioni haja ya kuyapatanisha.

Ninachoweza kukataa ni kitu kikubwa kuliko shangazi. Kizazi changu kimelelewa kwa neno kesho. Viongozi wa kesho. Taifa la kesho. Ukimaliza shule utaona. Fanya kazi ya bure kwanza, upate tajriba. Ngoja tu, wakati wako utafika. Tulipojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wengi wetu tulikuwa na umri ambao wazazi wetu walikuwa nao walipopata kazi ya kwanza, nyumba ya kwanza, mtoto wa kwanza. Watu wanapenda kusema vijana hawana subira. Mimi naona tumekuwa na subira ya kutisha. Kinachokosekana ni yale mambo mengine.

Kwa sababu ukishasoma habari za waini huwezi tena kusikia neno ngoja bila kuuliza maswali ya mhifadhi. Ngoja na nini ndani? Ngoja wapi, kwenye joto gani, na nani anashikilia joto hilo lisipande? Mtu anayelaza chupa kwenye giza kwa miaka ishirini anaigharamia kila mwaka. Analipa nafasi, analipa baridi, anakagua vizibo. Ndiyo maana chupa zilizokomaa zina bei: mtu alilipia kule kungoja. Lakini anayemwambia kijana wa miaka ishirini na sita angoje halipi chochote. Amemweka juu ya friji, mahali pa kuonekana, kila baada ya miaka mitano anafutwa vumbi apigiwe makofi, kisha mtambo unawaka na anatetemeka tena. Halafu akionjwa na kukutwa mkali, inasemwa ni zabibu mbaya.

Sisemi kila kinachongojewa ni ulaghai. Kuna vitu ndani yangu ambavyo najua havijaiva, uandishi wangu ukiwa wa kwanza, na nikivifungua leo vitakaza ulimi wa msomaji. Hivyo navilaza. Lakini nimeanza kuvitenganisha na vile vingine, vyenye matunda tu na uchangamfu, ambavyo havitakuwa vitamu kuliko vilivyo wiki hii: safari ya Lamu na marafiki ambao bado hawajahama nchi, kumwambia mtu unampenda angali anapokea simu zako, ile shati. Kwa vitu hivyo akiba inaoza. Inaoza kila siku, kimya kimya, na unapokuja kufungua unakuta zabibu kavu zilizochemshwa.

Najua kuna mtu atanijibu kwa Madeira, na ni jibu zuri, kwa hivyo nilitoe mwenyewe. Madeira ni kisiwa cha Wareno katika Atlantiki. Waini yake ilikuwa inasafirishwa kwa meli za matanga, ikivuka maeneo ya joto, mapipa yakitikiswa na mawimbi miezi na miezi. Kila kanuni niliyoitaja hapo juu ilivunjwa. Na ikafika ikiwa bora zaidi. Watu wakagundua hilo, wakaanza kuipasha joto makusudi, na mpaka leo ndivyo inavyotengenezwa: nyingine kwenye matangi yenye joto, nyingine kwenye mapipa yaliyowekwa darini, chini ya paa linalopigwa na jua, kwa miaka. Matokeo yake ni waini ambayo karibu haiui kitu. Ukiifungua inakaa miezi. Zipo chupa za miaka mia na zaidi ambazo bado zinanywewa kwa raha.

Basi, atasema huyo mtu, unaona? Shida inakomaza. Sisi tulisoma bila viatu.

Lakini angalia walichofanya kabla ya kuipandisha melini. Waliitia pombe kali, kidogo mwanzoni, kisha ikawa desturi kuanzia karne ya 18, ili iweze kuhimili safari. Na zabibu zenyewe zina asidi ya kupasua meno. Hawakuchukua chupa ya shilingi mia tisa wakaitupa juani wakiitakia mema. Waliiongezea nguvu kwanza, kisha wakaipeleka kwenye joto. Yule aliyesoma bila viatu, ukimdadisi vizuri, utakuta karo yake ililipwa na mtu, au chuo chake kilikuwa karibu bure, au kazi ilimngoja mlangoni na karatasi yake bado ina wino mbichi. Alitiwa kitu kabla ya safari. Amesahau ladha yake tu, kwa sababu imechanganyika na yeye.

Binti wa mwisho wa shangazi anamaliza Fomu Foo mwaka huu. Juzi shangazi alinipigia, akaanza kwa kuzunguka, habari za mvua, habari za kuku, kisha akauliza siku hizi waini nzuri inauzwa pesa ngapi. Nikamwambia anunue ya juzi juzi, ya Naivasha au hata ya Dodoma akiipata, na waifungue jioni ile ile barua itakapofika, kabla hata ya kujua karo.

"Kwani hakuna inayokaa?" akauliza.

Nikamwambia iko moja. Inakaa juani, inatikiswa, inakaa hata miaka mia.

"Na hukuniambia! Hiyo ni pesa ngapi?"

Nikamtajia bei ya chupa ndogo, ya zile changa. Alicheka mpaka simu ikakatika.